Mtandao unazingua ila kuhama nasita: maswali yenu ya mwezi huu

Mwezi huu maswali yamejaa kitu kimoja, intaneti ya simu. Watu wanalalamika bando linakata haraka, jioni spidi hakuna, lakini ukisoma mpaka mwisho wa ujumbe karibu wote wanamalizia na "ila kuhama nasita". Kwahiyo nimeyaweka pamoja, na la kwanza ntalijibu kwa urefu maana limebeba karibu yote yanayofuata.

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani, niko Mbagala. Laini yangu ninayo tangu 2009 na wateja wote wananijua kwa hii namba. Tatizo ikifika saa moja jioni intaneti inakufa kabisa, mteja akinitumia picha ya mshono WhatsApp inazunguka tu haifunguki mpaka namuomba aje nayo mwenyewe. Kijana wa duka la pembeni yuko mtandao mwingine na video zinaenda bila kukwama. Kila mtu ananiambia hama, na mimi nakubali, ila ikifika siku ya kwenda naghairi. Mume wangu anasema ni uvivu. Ni uvivu kweli au kuna kitu?

JIBU: Sio uvivu mdogo wangu, na shemeji mwambie nimesema mimi. Mtu anayeshona mpaka usiku ili watu wavae sikukuu sio mvivu. Kinachokuzuia kipo, ni vile tu hakuna aliyewahi kukaa na wewe akakutajia kimoja kimoja.

Anza na namba yenyewe. Hiyo namba kwako ndo biashara, imeandikwa kwa rangi juu ya mlango, iko kwenye vikaratasi unavyobania kwenye nguo za watu, iko kwenye simu ya mteja aliyehamia Kibaha miaka mingapi sijui amekuandika "Fundi Mbagala", na huyo ukibadilisha namba ndo umempoteza maana yeye anayo yako wewe huna yake. Sasa watu wengi wakisikia kuhama mtandao wanaelewa kubadilisha namba, na hapo hapo wanaghairi. Wengine mpaka leo hawajui kwamba tangu Machi 2017 hapa Tanzania unaweza kuhama na namba yako ile ile, ikiwa inaanza na 0754 au 0713 au 0784 inabaki hivyo hivyo hata kama uko mtandao mwingine kabisa.

Na utaratibu wake sio mgumu. Unaenda kwenye duka au kwa wakala wa mtandao unaotaka kuhamia, sio ule unaoutoka, wengi wanakosea hapa, wanaenda kwanza kuaga kule wanakotoka wanapewa ofa ya wiki moja wanarudi nyumbani. Beba simu yenye laini inayofanya kazi na namba yako ya NIDA, yani ya kitambulisho cha taifa, utaweka kidole, utatuma neno HAMA kwenda 15080 ukitumia laini ya zamani, utapewa laini mpya. Kuhama kwenyewe hulipii. Ile ya zamani inaendelea kushika kama kawaida mpaka muda wa kuhamishwa ukifika, ndo utaona vile vijiti vya mnara juu ya kioo vimepotea, hapo unaitoa unaweka mpya na mteja wa Kibaha akipiga unapokea wewe.

Sasa ukishajua hilo bado utasita, na hii ndo sehemu ambayo watu wanaita uvivu. Wachumi wawili wa Marekani, William Samuelson na Richard Zeckhauser, mwaka 1988 walionyesha kwamba watu wakipewa kuchagua, mara nyingi wanabaki na kile walichonacho tayari hata kama pembeni kuna kizuri zaidi. Wahenga wetu walishalisema kitambo, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mtandao wako unaujua, unajua unakufa saa moja, unajua unaamka saa nne usiku, umeshapanga maisha kuzunguka huo ubovu. Ule mwingine hujui utakufa saa ngapi. Na ukihama ukakuta ni ule ule, lawama ni yako, wakati ukibaki unalaumu kampuni. Hapo hakuna uvivu, kuna mtu ambaye hela yake ni ya mawazo na hataki kuipoteza kwa kubahatisha.

Ndo maana nakwambia usibahatishe, na kabla ya yote nataka uangalie kitu ambacho hakuna aliyekwambia. Umesema laini ni ya 2009. Je ile kadi yenyewe uliwahi kuibadilisha? Maana kuna watu wengi tu wana simu nzuri ya 4G na ndani yake wameweka kadi ile ile ya zamani, ilikuwa kubwa, fundi simu akaikata na mkasi ikaingia, na tangu siku hiyo inasoma 3G tu au hata chini ya hapo. Angalia pale juu ya kioo pembeni ya vijiti, kama muda wote inaandika H au 3G na wenzako mtaani wanapata 4G, basi nenda duka la mtandao wako wa sasa ukabadilishiwe laini iwe ya 4G, namba inabaki, hela inabaki, kila kitu kinabaki. Alafu ingia kwenye setingi za simu sehemu ya mtandao uhakikishe imeruhusiwa kushika 4G, kuna simu zinakuja zimefungwa kwenye 3G. Nimeona watu wakitaka kuvunja ndoa ya miaka na mtandao wao kumbe shida ni kadi.

Kama kadi iko sawa na bado jioni inakufa, basi ni msongamano. Mnara mmoja unagawana watu wote waliouzunguka, na Mbagala saa moja jioni kila mtu amerudi, kila mtu yuko kwenye video, kipande chako kinakuwa kidogo. Hapo mtandao mwingine unaweza kukusaidia kweli kama mnara wake pale kwenu hauna watu wengi, ila lazima ujaribu pale pale unapokaa na saa ile ile inayokusumbua. Muombe huyo kijana aje ndani kwako, ndani ya chumba cha cherehani na mlango umefungwa maana bati na ukuta vinapunguza nguvu, awashe hotspoti saa moja na nusu, ufungue picha tatu nne za mishono. Kwake dukani kuna uwazi na barabara, kwako inaweza kuwa tofauti. Ukiona inaenda, nunua laini ya mtandao huo ya kawaida, isajili, iweke sehemu ya pili ya simu, intaneti iwe ya hiyo na kupiga na kupokea pesa kubaki kwenye ile ya zamani. Tumia hivyo mwezi mzima. Na wengi wakifika hapo hawana hata haja ya kuhama tena.

Hili nataka lieleweke kwa kila anayesoma, sio fundi tu. Intaneti, namba na pesa ni vitu vitatu, ila vimefungwa kwenye kadi moja ndogo kwa hiyo tunaviona kama kitu kimoja, ukigusa kimoja unaogopa vyote vitaanguka. Vitenganishe. Intaneti inahama kirahisi sana ikiwa peke yake.

SWALI: Shikamoo anti. Niko Mwanza nauza dagaa kwa jumla. Nimeamua kuhama kabisa maana bando za huku zimenichosha. Swali langu, kwenye simu nina hela, nina Songesha, ule mkopo wa M-Pesa ya Vodacom, imefika kiwango kizuri, nipo kwenye kikundi cha akiba cha M-Koba na wenzangu. Je vyote vinahama na mimi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, havihami, na afadhali umeuliza kabla.

Kinachohama ni namba tu. Akaunti ya pesa ni ya ule mtandao, kwahiyo kabla hujatuma hilo neno HAMA toa hela yote au itume kwa mtu unayemuamini au benki, vocha iliyobaki itumie na bando pia maana havikufuati. Kama una deni la Songesha, la vocha ya kukopa ya Nipige Tafu, la mkopo wa M-Pawa, maliza kwanza, kuhama hakufuti deni. Ukishahamia unafungua akaunti mpya ya pesa kwenye mtandao mpya kwa namba ile ile, na unaanza sifuri.

Hiyo sifuri ndo inauma. Songesha yako haijafika hapo kwa bahati, imefika kwa sababu miaka yote umekuwa ukikopa unalipa, unapokea hela za mzigo, unatuma, na mfumo umekuona wewe ni mtu wa kulipa. Ukienda kwengine wana mikopo yao, ila hawakujui, wataanza na kiasi ambacho hata gunia halinunui. Kwa mfanyabiashara kama wewe ambaye Jumatatu asubuhi mzigo umefika na hela ya kuongezea hamna, hicho kiwango kina thamani kubwa kuliko bando. Kwahiyo ukisita hapo unasita kwa akili kabisa.

Na mimi hapa nina neno langu na nalisema wazi. Hiyo rekodi ya kulipa ni jasho la mteja. Namba tuliruhusiwa kuhama nayo ili mteja asifungwe kwenye kampuni moja kwa sababu ya namba. Basi na rekodi ya mtu kulipa madeni yake nayo iwe hivyo hivyo, mtu aweze kwenda nayo anakotaka kama anavyokwenda na cheti chake cha shule. Siku hilo likiwezekana ndo tutaona kampuni zikishindana kweli kwenye bei za bando, maana saivi zinajua umefungwa na kiwango chako cha mkopo, hata bando likipanda utanung'unika alafu utajiunga.

M-Koba ni hivyo hivyo, iko ndani ya M-Pesa, ukitoka Vodacom umetoka kwenye kikundi. Ongea na wenzako kabla, hela ya watu kumi na tano isije ikaleta maneno.

Kitu kingine ambacho watu hawakiwazi mpaka kimewakuta. Wateja wako wamezoea kuangalia mwanzo wa namba wanajua uko wapi, akiona 0754 anaenda menyu ya M-Pesa anatuma moja kwa moja. Ukishahama, namba inasema hivi na wewe uko kule, atatakiwa atume kama anatuma mtandao mwingine. Kutumiana mtandao kwa mtandao kwetu kulianza 2014 kwa Tigo, Airtel na Zantel, Vodacom ikaingia 2016, kwahiyo njia ipo na inafanya kazi, ila lazima uwaambie, hasa wale wa visiwani wanaotuma usiku wakiwa na haraka. Waambie wasome jina kabla ya kuweka namba ya siri. Na benki yako pia, ukishahama jaribu kutoa kiasi kidogo kutoka benki kwenda simu kabla hujaanza kupitisha hela ya mzigo.

Ushauri wangu kwako ni tofauti na unachotaka kusikia, baki na namba na M-Pesa yako, weka laini ya pili kwa ajili ya bando. Kama simu yako ni ya laini moja, hapo ndo pa kuwekeza hela, nunua ya laini mbili.

SWALI: Salamu dada kutoka Mombasa. Huku kwetu mtu akikuuliza namba hata haulizi ni ya mtandao gani, amesha jua ni Safaricom. Mie bundles naziona ghali, na wenzangu wanasema Airtel ni nafuu, lakini hakuna anayetoka. Kwani tumerogwa?

JIBU: Hamjarogwa dadangu, mmezungukwa. Kenya mlipata ruhusa ya kuhama na namba tangu Aprili 2011, miaka karibu sita kabla yetu, na kampuni zilitangaza sana, na bado wanaohama ni wachache mno. Sababu ni kwamba wakati huo M-Pesa ilikuwa imeshatembea tangu 2007, imeshafika kwa mama mboga, matatu, karo ya shule, kodi ya nyumba. Namba ungeweza kuhama nayo, M-Pesa ungeiacha nyuma. Alafu juu yake ikaja M-Shwari 2012 ya kuweka akiba na kukopa, Fuliza 2019 ya kukopa salio lisipotosha, yani kila mwaka unapita kinaongezwa kitu kingine ambacho ukitoka unakiacha.

Mambo yamelegea kidogo, tangu 2018 mnaweza kutumiana kati ya mitandao na tangu 2022 mtu wa Airtel Money anaweza kulipa kwenye till ya M-Pesa, ile namba ya kulipia dukani. Lakini mazoea ya watu hayafuati sheria kwa haraka hivyo. Mwenye duka pale Kongowea akikuambia lipa kwa till na wewe ukaanza kutafuta kwenye menyu yako, foleni nyuma inaanza kukuguna, na siku ya pili unarudi kwenye M-Pesa ili yaishe.

Unachoweza kufanya ndo kile wanachofanya vijana wengi huko tayari, laini ya M-Pesa ipo, na laini ya pili ni ya intaneti tu, haipigi haipokei. Hujatoka ila bundles umehama. Kampuni inaona hesabu yake ya wateja iko pale pale, na kumbe hela ya data imeshaenda kwengine.

SWALI: Mambo vipi dada, mimi nasoma chuo Dodoma. Nimejaribu kulinganisha bando za mitandao yote ili nihamie wenye bei nzuri nikachanganyikiwa. Kuna ya siku, ya wiki, ya usiku, ya mitandao ya kijamii, kuna ofa yangu mimi tu ambayo rafiki yangu hana. Nikaacha nikabaki nilipo. Nalinganishaje?

JIBU: Poa mdogo wangu. Umeacha kwa sababu ile orodha inachosha, na mtu aliyechoka anabaki alipo, hiyo inawafaa wanaouza kuliko wewe. Kwahiyo usilinganishe orodha, linganisha matumizi yako.

Ingia kwenye setingi za simu uangalie mwezi uliopita umetumia GB ngapi, simu inaonyesha mpaka programu gani imekula nyingi. Tuseme umetumia GB 12. Sasa kila bando libadilishe liwe bei ya GB moja. Mfano tu, bando la sh 2,000 linakupa GB 1.6 kwa wiki, GB moja ni sh 1,250. Lingine la sh 1,000 linakupa GB 1 kwa siku moja, kwenye karatasi ni rahisi zaidi, ila wewe siku moja hutumii GB 1, unatumia kama MB 400, zile 600 zinafutika muda ukiisha, kwahiyo kwako wewe hiyo GB imekuwa sh 2,500. Bando la siku ni rahisi kwa anayelimaliza, kwa asiyelimaliza ni ghali kuliko yote. Na za usiku usizihesabu kabisa kama wewe usiku unalala, hesabu zile za mchana peke yake.

Ofa yako wewe tu ni kweli zipo, kila mtu anapewa kulingana na anavyotumia. Ndo maana huwezi kulinganisha na rafiki yako hata kama mko mtandao mmoja, na ndo maana laini mpya wiki za mwanzo inakuja na ofa tamu alafu baadae zinapungua. Usihukumu mtandao kwa wiki ya kwanza, subiri ofa ya kukukaribisha iishe ndo uone bei halisi.

Kuna haki zako pia ambazo watu hawazitumii. Aprili 2021 bei zilipobadilika watu wakapiga kelele nchi nzima, serikali ikasitisha bei mpya, na kanuni za vifurushi za mwaka huo za TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, zinataka upewe taarifa ukifikia asilimia 75 ya bando na likiisha, uweze kumhamishia bando mtu mwingine wa mtandao huo huo, na ukinunua tena bando lile lile kabla muda haujaisha zile zilizobaki ziendelee. Hilo la mwisho weka kengele kwenye simu, nusu saa kabla ya muda kuisha jiunge tena, MB zako haziendi.

SWALI: Mwanangu hujambo, naandikiwa hapa na mjukuu wangu, tuko kijijini Morogoro huku milimani. Watoto walioko Dar wananishawishi nihame mtandao niweze kuwaona kwenye video. Nikiwakatalia wananiona mshamba. Huku unaoshika ni mmoja tu, hiyo mingine mpaka upande kule juu kwenye mwembe.

JIBU: Shikamoo mama. Wewe uko sahihi na wao wanajibu swali la Dar. Mtandao bora ni ule unaoshika unapoishi, basi. Ukihama leo hata ile simu ya kawaida ya kuitwa msibani hutaipata.

Waambie watoto wakija likizo kila mmoja ana laini yake, watembee nazo, uwani, shambani, njia ya kisimani, usiku na mchana, waone ipi inashika na kama inashika 4G. Wakiondoka mtakuwa mmejua bila wewe kugusa laini yako. Alafu kuna matumaini, Mei 2023 serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini mikataba na kampuni za simu kujenga minara 758 kwenye maeneo ya vijijini, na Morogoro ni mkoa wenye milima na mabonde mengi yasiyoshika. Mtendaji wa kata mumuulize kama kata yenu imo. Mnara mpya ukisimama ndo muda wa kuongea habari za kuhama.

SWALI: Dada mimi ninachoogopa sio kuhama, naogopa kuweka kidole. Mtaani kwetu kuna mtu aliitwa polisi kwa laini ambayo hata haijui.

JIBU: Woga wako una msingi. Tangu uje usajili wa alama za vidole (zile laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 20, 2020), kidole chako ndo sahihi yako, na wapo wasajili wa mtaani wasio waaminifu wanaokwambia "haijasoma, weka tena" kumbe ya kwanza ilisoma na ya pili inasajili laini nyingine kwa jina lako. Kama unahama, nenda duka la kampuni, usifanyie chini ya mwamvuli stendi ukiwa na haraka ya gari. Ukiambiwa haijasoma omba uone kioo. Ukimaliza, hapo hapo kabla hujatoka bonyeza *106# uangalie namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako, ukikuta usiyoijua waambie waifute ukiwa umesimama pale pale. Hata kama huhami, bonyeza leo.

SWALI: Nilinunua laini ya mtandao mpya nikaiacha ya zamani kabatini, sasa mwaka unaisha. Kuna shida?

JIBU: Kubwa. Laini isiyotumika muda mrefu inafungwa na namba inakuja kuuzwa kwa mtu mwingine. Kama hiyo namba bado iko benki, bado iko kwenye WhatsApp, kwenye barua pepe, basi meseji zako za siri zitaenda kwa mgeni. Itoe kabatini, ijaribu, kama inashika weka vocha kidogo upige. Kama huitaki tena, kaitoe kwanza benki na kila mahali, na ile laini kaifunge rasmi. Usiiache ife yenyewe.

SWALI: Mimi nilihama kabisa na namba yangu wiki mbili zilizopita na nimejuta, mtandao huu ofisini haushiki. Naweza kurudi?

JIBU: Unaweza, ila sio leo, ukishahama inabidi zipite siku 30 ndo uruhusiwe kuhama tena. Utaratibu ni ule ule, unaenda duka la mtandao wako wa zamani wao ndo watakupokea, unatuma HAMA kwenda 15080. Usitupe hela kwenye bando la mwezi sasa hivi, jiunge ya siku au ya wiki mpaka tarehe ifike, na hela iliyo kwenye akaunti ya simu ya huku anza kuitoa kidogo kidogo. Ukirudi uliza kama akaunti yako ya pesa ya zamani inafunguliwa tena au unasajiliwa upya, waulize kabla hujaweka kidole. Kwa wakati huu ofisini tumia laini ya pili ya mtandao unaoshika, ni kadi ndogo tu na usajili wa dakika chache.